Vaiza za Bi Mkunga

Kwanza naomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, herufi zangu zinainama kama zinasukumwa, na namna ya kuandika maneno sikuisoma vya kutosha kwa sababu niliishia shule ya msingi. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua tangu kutoka sala ya alasiri mpaka magharibi. Mkikuta neno limekaa vibaya, liwekeni sawa wenyewe, kisha endeleeni.

Nataka kuandika habari za mkunga wa kwetu Vitongoji. Jina lake silitaji. Kila mtu alimwita Bi Mkunga, hata marehemu mumewe alimwita hivyo hivyo, na siku aliponiruhusu kuandika alisema, "Jina liwache. Niliowapokea watanijua." Basi nami nimeliacha.

Nilipoanza kumjua alikuwa keshastaafu hospitali, lakini kustaafu kwake kulikuwa kwa karatasi tu. Alikuwa na gari ndogo ya kijivu, ya zamani, na wakati huo hapakuwa na mwanamke mwengine kijijini aliyekuwa akiendesha. Kiti alikisogeza mbele mpaka kifua kikakaribia usukani. Vioo vyote vinne vilikuwa chini siku zote, kuwe na jua au vumbi, na watu walimwita kutoka barazani.

"Bi Mkunga! Kitovu kimeanguka!"

Naye hupunguza mwendo, hasimami, akajibu dirishani: "Msikitie majivu! Kiacheni kikauke!"

Nadhani nusu ya kazi yake aliifanya kupitia dirishani. Simu hakuipokea akiwa anaendesha. "Simu ni ya mtu aliyekaa," alikuwa akisema. "Mie nikiwa njiani nimo njiani. Anitakaye anite."

Hakuwa na salamu ndefu, na kwetu hilo ni jambo la kushangaza, kwa sababu mtu wa Pemba akikutana na mwenzake huuliza hali ya nyumba nzima na mbuzi. Yeye akiingia kwenye nyumba yenye mzazi, neno lake la kwanza lilikuwa "Kakojoa?" Yaani mtoto. Bibi yangu siku moja alimjia juu.

"Assalamu alaykum huijui, Bi Mkunga?"

"Waalaykumu ssalaam. Kakojoa?"

Alituhubiria usafi mpaka tukachoka: kucha fupi, sabuni mpaka kwenye viwiko, kanga ya mtoto isichanganywe na ya mtu mzima. Lakini yeye mwenyewe alitafuna tambuu, na mlango wa gari yake upande wa dereva ulikuwa na michirizi myekundu isiyotoka kwa maji. Aliwachoma sindano wanawake wa vijiji vingapi, na yeye aliogopa sindano. Nilimwona mara moja, ana homa, amemshika nesi mkono na macho kayafumba. "Niambie ukimaliza," alimwambia, "na usinidanganye."

Watoto hakutaka waiguse gari yake. Wakiikalia boneti alitoka na ufagio. "Shukeni! Nimekutoeni kwa mama zenu, sasa mwanipanda mimi?" Lakini msimu wa karafuu, watu wanapozianika juu ya majamvi kando ya barabara na mengine yakaingia hadi kwenye lami, wenye magari wengine walipiga honi na kutukana. Yeye alisimamisha gari, akashuka, akalikunja jamvi kwa pembe moja asimwage hata punje, akapita, kisha akasimama tena na kurudi kulikunjua. Nilimwona akifanya hivyo mara mbili kwa siku moja mbele ya nyumba yetu.

Jambo hilo jema ndilo baadaye walilolifanya fimbo ya kumpigia.

Ilikuwa masika, nami nina miaka kumi na tatu. Tulilelewa na bibi, mimi na dada yangu. Dada alikuwa ameolewa kijiji cha Ole, na kama ilivyo ada, mimba ya kwanza alirudi kwa bibi kujifungua.

Kwetu uchungu hautangazwi. Wazee wanasema kila mtu anayejua huongeza muda. Mwanamke akishikwa, mlango hurejeshwa, kazi za nje huendelea kama kawaida, na anayekuja kuuliza huambiwa amelala. Ni sitara. Hata mimi niliyekuwa ndani ya nyumba sikuambiwa. Nilijua kwa sababu bibi aliacha kunigombeza.

Kufika mchana bibi alianza kuwa na hofu. Mambo hayakuwa yakienda. Alimpigia simu Bi Mkunga, ikaita mpaka ikakatika. Alikuwa amesikia kwamba mkunga katoka kuzalisha upande wa pwani na lazima atapita kwetu kwenda mjini Chake. Akaniita jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini.

"Kasimame barabarani. Gari yake ikija, nyoosha mkono. Usipige kelele, weye mtoto wa kike. Wala usimwambie mtu yeyote kilichomo ndani. Msimamishe tu."

Nikaenda. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kufumba macho. Akapita mtu na baiskeli, kajifunika mfuko kichwani, akaniuliza, "Wangoja nini mvuani, mwanangu?" Nikamjibu, "Singoji kitu." Akatikisa kichwa, akaenda zake. Nimemfikiria sana mtu yule. Alikuwa na nguvu, alikuwa na sauti, na mimi nilimwambia singoji kitu.

Kisha gari ya kijivu ikaja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona vioo vyote vimepandishwa, na ndani vimejaa ukungu. Nikanyoosha mkono. Mdomo niliufungua. Neno "Bi Mkunga" lilinifika kooni, likakaa hapo hapo. Gari ikapita, maji yakanirukia miguuni, nikazitazama taa zake nyekundu mpaka zikaishia kwenye kona.

Nyumbani bibi aliniuliza, "Hukumwita?"

Nikasema, "Nilimwita. Hakusikia."

Gari iliyopatikana baadaye ilikuwa ya kubeba mchanga. Dada alipofika hospitali, waliompokea walifanya yote waliyoweza, lakini mtoto alikuwa keshatangulia. Alikuwa wa kike. Wanaume walimzika siku ile ile.

Watu hawakuchelewa kusema. Dukani, kwenye bomba la maji, kila nilipopita nilisikia. "Kafunga vioo kama waziri." "Kwa karafuu hushuka, kwa mtu hasimami." Bi Mkunga alikuja taazia akakaa mkekani na wanawake wengine. Dada akageukia ukutani. Bibi akasema, mbele ya wote, "Mjukuu wangu alikwita."

Bi Mkunga alinitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mtoto. Mimi nilitazama mkeka.

"Kioo kilikuwa juu," alisema. "Mvua kubwa. Sikusikia."

Akasoma fatiha, akanyanyuka, akaondoka.

Wiki chache baadaye nilikuwa natembea kwenda Chake na kikapu cha mayai ya bibi. Gari ikasimama mbele yangu na mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

"Panda."

Sikuwa na namna ya kukataa. Tulipofika mjini hakwenda sokoni, alisimama kwenye duka la vifaa vya magari, akaniambia niache kikapu ndani nimfuate. Alikuja kununua vaiza. Kwa asiyezijua, vaiza ni vipande virefu vya plastiki ngumu vinavyowekwa juu ya madirisha ya gari, kama kipenu juu ya mlango. Mvua ikinyesha unaweza kukishusha kioo kiasi cha vidole viwili, hewa ikaingia na maji yasiingie.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye kofia ya mpira. "Bi mkubwa, chukua hizi nyeusi tii. Ndizo zinazokwenda sasa. Gari yako itarudi usichana."

"Gari yangu haiolewi. Zinazoonesha huna?"

"Ninazo, lakini zile jua likizipiga zinageuka rangi kama meno ya mvuta sigara. Nyeusi inakaa."

"Nyeusi itanifichia mtu aliyesimama pembeni. Lete zinazoonesha."

Akaleta. Zilikuwa za namna mbili, pana na nyembamba. Pana, alieleza, inashuka chini zaidi na maji hayaingii kabisa. Tena kulikuwa na za kubandika kwa gundi, na za kuchomeka kwenye mpira wa kioo. Za gundi ni rahisi, za kuchomeka ni shida kuziweka lakini hazing'oki.

Bi Mkunga alizigeuza mkononi. "Hii pana inaziba sauti?"

Kijana alicheka. "Sauti? Bi mkubwa, watu huniuliza mvua, huniuliza jua, huniuliza upepo. Sauti, weye wa kwanza."

"Basi leo ujifunze."

Akaingia ndani ya gari, akapandisha vioo vyote, kimoja tu akakishusha vidole viwili. Akamwamuru kijana aishike vaiza pana juu ya dirisha kwa mikono, na mwenzake apande kwenye ngazi amwage maji ya ndoo juu ya paa. Mimi akaniambia nivuke barabara, nisimame ng'ambo.

"Niite."

Nikaita. Alikuwa ananitazama kupitia kioo. Akatikisa kichwa, hakusikia.

Nikaita tena. Kijana akageuka na mikono yake juu. "Mdogo wangu, waita mtu au waomba dua?" Wenye bodaboda waliokuwa karibu wakacheka. Nilitaka ardhi inifiche.

Wakabadilisha, wakashika nyembamba. Maji yakamwagwa tena. Nikaita mara ya tatu, na sijui sauti ile ilitoka wapi, mama mmoja aliyekuwa akipita alisimama akanitazama. Ndani ya gari Bi Mkunga alinyanyua mkono.

"Nyembamba," alisema alipotoka. "Za kuchomeka. Zote nne."

"Lakini nyembamba maji yatakuingia kidogo begani, bi mkubwa."

"Bega langu si chumvi."

"Na kwa nini umemchagua huyu kuita? Mimi ningekuitia mpaka Wete wakasikia."

"Ndiyo maana," alisema. "Nikimsikia huyu, nitamsikia kila mtu."

Tulingoja mpaka zikachomekwa, kisha tukapitia sokoni nikauza mayai. Wakati wa kurudi nilikuwa na maneno yangu yamepangwa. Yalikuwa machache: Bi Mkunga, siku ile sikukuita. Tulipofika mahali pale karibu na kwetu alipunguza mwendo.

"Ulisimama hapa?"

"Ndiyo."

Akangoja kidogo. Mimi nikashika kikapu.

"Haya," alisema, akaongeza mwendo.

Tangu siku hiyo alipita masika yote dirisha liko wazi vidole viwili, bega la kulia limeloa. Lakini waliomwita walipungua. Dada alizaa wawili baada ya hapo, wote hospitali, na akija kwa bibi akimwona Bi Mkunga njiani huvuka upande wa pili. Wanawake wengine wakamfuata dada. Nilikuwa nikikaa barazani naiona gari ya kijivu ikipita taratibu, vioo chini, na hakuna anayesema neno. Mie nilijua kwamba ukimya ule niliufanya mimi. Nilijua kila ilipopita. Nikawa nangoja nikue, nikidhani mtu akikua haya humtoka yenyewe. Nilikua, haya ikabaki.

Mwaka huu nimetimiza ishirini na moja. Bi Mkunga haendeshi tena, macho yameingia mtoto wa jicho yote mawili. Nilisikia mwanawe anataka kumhamishia Unguja, na nikaona nikikosa sasa nimekosa moja kwa moja. Nikaenda baada ya alasiri. Alikuwa amekaa ukumbini, peke yake, anatwanga tambuu kwenye kinu kidogo kwa sababu meno hayatoshi.

"Nani?"

"Mie, Bi Mkunga."

"Kila mtu ni mie. Mie wa nani?"

Nikamwambia mjukuu wa nani. Akaacha kutwanga. Nikakaa chini, na kabla sijapoteza nguvu nikayatoa yote kwa mkupuo: kwamba siku ile sikumwita, kwamba nilinyoosha mkono tu, kwamba niliwadanganya bibi na dada, na yeye akachukiwa kwa uongo wangu miaka minane.

"Najua," alisema.

"Unajuaje?"

"Nilikuona."

Sikuelewa. Nikadhani macho yameondoka na kumbukumbu.

"Kioo kilikuwa na ukungu, lakini nilikuwa nimekifuta kwa mtandio. Nikaona mtoto wa kike, kanga imemganda mwilini, mkono juu. Siku mbili nilikuwa sijalala. Nikasema huyu anataka kupanda tu mpaka Chake, nikishusha kioo nitaloa. Nikakutazama mdomo. Mdomo haukusema kitu. Nikasema basi, huyu hana shida. Nikapita."

Nikamuuliza kwa nini aliwaambia watu hakusikia.

"Kwani nilisikia? Waliniuliza kusikia. Kuona hakuna aliyeniuliza." Alitafuta kinu kwa mkono, akakishika bila kutwanga. "Kisha nikaenda kununua vaiza, kwa sababu kioo kinarekebishika. Nikakuchukua na weye, nikitaraji utasema. Tuliporudi nikapunguza mwendo nikakungojea. Mtu mzima, nakaa namngoja mtoto aanze."

"Ningelikwita ungesimama," nilisema. Nilikuwa nalia.

"Ungeniita ningesimama. Na mie ningetaka kusimama, usingelazimika kuniita. Usiibebe yote, na usiniachie yote. Tugawane. Lakini dada yako tumempa kioo akichukie miaka yote hii, na kioo hakina kosa. Nenda kamwambie."

"Siwezi kwa mdomo, Bi Mkunga."

"Kuandika hujui?"

"Najua kidogo. Naandika polepole."

"Andika. Uliyoyafanya weye na niliyoyafanya mie. Usinipunguzie."

Ndipo aliposema lile neno la jina lake.

Nikaandika. Haya mliyoyasoma mpaka hapa ndiyo niliyompa dada alipokuja kumtazama bibi. Aliyasoma jikoni, amesimama, mpaka muhogo ukaungua na hakuuepua. Aliporudisha karatasi hakunitazama. Siku ile hakusema nami, na ya pili vile vile. Bibi aliuliza mna nini, nikasema hatuna kitu, kisha nikajisahihisha, nikamwambia bibi pia. Bibi akasema, "Mie ndiye niliyekwambia usipige kelele," akaingia chumbani kwake.

Siku ya tatu asubuhi dada alivaa buibui. "Nipeleke," alisema.

Bi Mkunga alijua ni nani kabla hatujasema, labda kwa mwendo. Dada alikaa mkekani mbele yake. Mimi nikabaki mlangoni. Kisha Bi Mkunga akasema, kwa sauti ile ile ya kazi ninayoijua:

"Sikuwapo kumpokea. Niambie alikuwaje."

Katika miaka minane sikuwahi kumsikia dada akimtaja mtoto yule, hata mara moja, hata kwa mumewe.

"Alikuwa na nywele nyingi," alisema. "Zimelala mbele, mpaka hapa."

"Mzito?"

"Mzito. Mkono mmoja kaukunja chini ya kidevu."

"Wa kulia?"

"Wa kulia."

Bi Mkunga aliinamisha kichwa, kama mtu anayekiweka kitu alichopewa mahali pake. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele, na dada akaishika.

Nimeongeza sehemu hii ya mwisho leo, dada mwenyewe akiwa ananitajia maneno aliyoyasema ili nisikosee. Sasa nina ombi kwenu mnaosoma. Bi Mkunga hajaondoka bado, na kusoma hawezi tena, ila anapenda kusomewa. Kama alikupokea weye, au mwanao, au alikujibu jambo kwa dirishani akipita, naomba uniandikie. Anwani yangu nimewaachia wanaochapisha. Hata mstari mmoja unatosha, na mwandiko mbaya si kitu kwangu. Kila itakayokuja nitakwenda kumsomea, nitasoma polepole, lakini nitasoma kwa sauti.